Pale Delphine Alipoketi

Shangazi Delphine hakuwa shangazi yangu. Yeye ni wa upande wa Mbwa Mwitu, mimi ni wa upande wa Kunguru, na kwetu pande hizo mbili huoana, huzikana na kutaniana bila mtu kununa. Lakini mtu akikufundisha kushika makasia ukiwa na miaka ishirini, akakufokea mbele ya wageni kwa sababu umefunga fundo la ovyo, kisha jioni akakupa soksi zake kavu, huwezi kumwita kwa jina tupu. Nilimwita Shangazi. Yeye aliniita Kunguru, na siku nikimuudhi, Wendell.

Kwa miaka ishirini na tatu nilipiga makasia nyuma yake. Kazi yetu ni kuwateremsha wageni kwa mto, boti mbili za mpira, siku kumi na moja, kutoka barabara inapoishia hadi karibu na bahari, ambako ndege ndogo hutua kwenye mchanga kuwachukua. Katikati hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna simu. Kuna dubu, kuna mvua na kuna barafu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vigumu kuliko vyangu. Kahawa aliikoroga kwa kisu. Sanduku la choo alilibeba mwenyewe, maana mtoni huachi kitu nyuma yako, hata hicho hubebwa hadi mwisho wa safari. Tulipojitolea kumsaidia alisema, "Mimi ndiye mkubwa wa safari. Uchafu wa safari ni wangu." Wageni walicheka. Mimi nami nilicheka miaka yote hiyo, mjinga mkubwa.

Kuanzia siku ya nane, tunapoingia penye barafu kuu, yeye hakuruhusu chochote kikaangwe. Barafu haipendi harufu ya mafuta, wala makelele, wala dharau. Bibi zetu walituambia hivyo na hatukuwauliza zaidi. Kuna bwana mmoja wa Dallas aliyeficha nyama ya nguruwe kwenye mkoba wake, na asubuhi ya siku ya nane akaitoa na sufuria yake.

"Mama, kwani barafu ina pua?" akauliza.

"Ina na masikio," Delphine akamjibu. "Na wewe imeshakusikia."

Bwana yule alikula maharage ya kuchemsha siku tatu, na hata kikohozi alikikohoa ndani ya kofia.

Lakini jambo alilokuwa mkali nalo kupita yote ni Kilima. Siku ya tisa mto unaingia kwenye ziwa, na ziwa hilo limejaa mapande ya barafu yaliyovunjika kutoka mlimani, mengine makubwa kuliko kanisa letu. Kilima kimesimama mdomoni pa ziwa. Kuna njia tatu za kupita, nasi tunaziita milango. Mlango wa kwanza ni mfupi, nusu saa umeshatoka. Wa pili una miamba. Wa tatu unazunguka kisiwa, saa nne za kupiga makasia kwenye maji yasiyokusukuma. Upepo ukigeuka, barafu huhamia mlango mmoja ikauziba, na mkondo ukikushika ukiwa ndani, unakuingiza chini yake. Kwa hiyo sheria ni moja. Kila mwenye makasia anafunga boti chini, anapanda Kilima hadi juu kabisa na kutazama kwa macho yake mwenyewe. Hakuna kuambiwa na mwenzako.

Sheria hiyo ilitokana na Elwood. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa mimi ninayewafundisha waongozaji wapya, na niliwasimamisha chini ya Kilima na kuwaambia: "Elwood alikuwa mpiga makasia bora kuliko ninyi nyote. Siku moja aliona uvivu kupanda. Alikaa chini akinywa chai, kisha akaingia mlango wa kwanza bila kutazama. Alikufa yeye na wageni wawili, na maiti yake haijaonekana hadi leo. Usiwe Elwood."

Elwood alikuwa kaka yake Delphine. Naye mara nyingi alikuwepo nikisema hayo, amechuchumaa penye moto, akikoroga kahawa yake na kutazama maji. Nilimsifu moyoni. Nilidhani ni moyo mkubwa huo, dada kukubali aibu ya kaka yake itumike kuwaokoa wengine.

Mwaka ule, mwezi wa tano, binti yake Corrine alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jina la ukoo halitungwi, linarithiwa. Mtu akifa, jina lake hukaa likisubiri mtoto. Jina la ukoo la Elwood, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu si mali ya upande wangu, lilikuwa limesubiri miaka thelathini na moja. Ni jina kubwa, lilivaliwa na watu waliokwenda pwani na kurudi na heshima. Corrine alilitaka kwa mwanawe, na karamu ya ukoo ya kutoa majina ilikuwa imepangwa mwezi wa kumi na moja.

Nilikuwepo jikoni kwa Corrine siku waliyozungumza. Nilikuwa nimepeleka samaki. Mzee Lester, kaka mkubwa wa Delphine na Elwood, ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, na alikuwa amekaa na kofia yake magotini.

"Hilo, hapana," akasema.

"Kwa nini, mjomba? Limekaa bure."

"Halikukaa bure. Limelala chini ya barafu pamoja na wana wa watu. Mtu aliyepeleka wageni majini bila kutazama, leo tumvike mtoto jina lake? Upande wa pili watatucheka hadi wadondoke vitini." Akanigeukia. "Au naongopa, Kunguru?"

"Mimi nimeleta samaki tu, mzee."

"Unaona? Mpaka mtani kakosa la kutania."

Corrine alianza kulia, na mtoto naye akaitikia. "Basi mama aseme," Corrine akasema. "Alikuwa kaka yake. Alikuwepo siku ile. Mama?"

Delphine alikuwa amesimama penye beseni akisuuza vikombe. Alisuuza kimoja mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Nina safari Jumatatu," akasema. "Tutaongea nikirudi."

Safari ya Jumatatu ikaja ikapita, na nyingine, na nyingine, na hawakuongea. Lester alishasema kwamba jina hilo lisipotolewa kwenye karamu hiyo, yeye hataki kulisikia tena maisha yake yote. Corrine akaacha kumpigia mama yake simu.

Safari ya mwisho ya mwaka ule ilikuwa mwezi wa nane. Ilikuwa pia safari ya mwisho ya Delphine. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, daktari alimwonyesha picha na kumwambia wazi, naye alikuwa na miaka sitini na mmoja. Sisi wawili tulijua, na hatukulitaja. Akiwa kwenye boti huwezi kujua anaumwa, maana mtoni mtu hupiga makasia akiwa amekaa. Akishuka ufukweni ndipo ungemwona akisimama kidogo kabla ya hatua ya kwanza.

Tulikuwa na wageni wanane. Mkubwa wao alikuwa Bi Ottilie, mwalimu mstaafu wa miaka sabini, aliyemfuata Delphine kila mahali akimuuliza majina ya majani. Siku ya tisa tulifika chini ya Kilima saa sita mchana, tukafunga boti, tukawaachia wageni supu.

"Baki, Shangazi," nilimwambia pembeni. "Nitapanda mimi. Nani atajua?"

"Wewe utajua," akasema, akachukua kasia moja la akiba kuwa mkongojo.

Njia ya Kilima huanza kwenye vichaka vinavyokuchapa usoni, kisha huja mawe yenye utelezi. Mimi huipanda kwa nusu saa. Siku ile, saa nzima ilipita nasi tuko nusu. Hapo kuna mahali tunapopaita Begani, jiwe pana kama kitanda, ambapo Kilima hutulia kidogo kabla ya kupanda tena kwa ukali. Delphine alijivuta hadi pale, akakaa. Uso ulikuwa umempauka, na jasho lilimtiririka ingawa upepo wa ziwani ulikuwa baridi kali.

"Goti," akasema, kana kwamba mimi sioni.

Nilimpa maji. Wingu la mvua lilikuwa linakuja kutoka baharini, na nilimwonea huruma, nilimwonea huruma sana. Nikatazama ziwa. Kutoka Begani mlango wa kwanza unauona vizuri, na siku ile ulikuwa wazi kabisa. Maji ya kijivu, yametulia, hakuna hata pande moja la barafu.

"Shangazi, basi. Mlango wa kwanza uko wazi kama uwanja wa mpira. Tushuke kabla mvua haijatukuta. Kule juu hakuna kipya."

Alinikamata mkono wa koti. Nilidhani anataka kusimama, nikamvuta, lakini hakusimama.

"Rudia ulichosema."

"Nimesema tushuke."

"La mwisho."

"Kule juu hakuna kipya."

"Ndilo hilo," akasema. "Ndivyo nilivyojiambia. Hapa hapa, Wendell. Nilikaa kwenye jiwe hili."

Sikumwelewa, na alilijua hilo. Akaniachia koti na kuweka mikono yake katikati ya mapaja.

"Elwood hakuona uvivu kupanda," akasema. "Kuna mgeni alijimwagia maji ya moto mguuni. Elwood alikuwa akimfunga bandeji. Akaniambia, Delphine, nenda katazame, nakuamini macho yako. Nikaja. Mvua ilikuwa inanyesha, nguo zimeniganda, nimechoka kubeba mizigo. Nikafika hapa, nikaona mlango wa kwanza uko wazi, kama unavyouona wewe sasa. Nikakaa kidogo. Nikashuka. Akaniuliza, umefika juu? Nikasema, nimefika juu."

Mvua ikaanza, matone machache.

"Alikunywa chai yake akimalizia bandeji, akaingia yeye mbele. Mimi nilikuwa nyuma, mbali kidogo. Nilipofika kwenye kona niliona boti yake, nusu iko chini ya barafu. Niliwatoa wawili. Yeye na wale wengine wawili sikuwapata."

"Na polisi?"

"Waliniuliza, kaka yako alipanda? Nikasema, hakupanda. Hawakuniuliza lingine."

Nitasema kweli, nilikasirika. Sikumhurumia hata kidogo wakati ule. Niliwaza miaka yangu kumi na mitano, vijana wote niliowasimamisha pale chini.

"Umenifanya nimtukane marehemu kila mwaka," nilimwambia. "Kila mwaka! Na wewe umechuchumaa pale unakoroga kahawa! Ungeninyamazisha basi, ungesema tu, Wendell, inatosha."

"Nilipaswa kusema."

"Unaniambia leo kwa nini? Kwa sababu goti linakuuma?"

"Kwa sababu ulitaka kushuka," akasema. "Ungeshuka, ungewaambia wale watu umefika juu, kwa ajili yangu. Kwa kunihurumia. Hilo siliwezi. Na kwa sababu wewe ni Kunguru. Ningemwambia Corrine, angelificha kwa kunipenda. Lester angelificha kwa ajili ya ukoo. Mtani hafichi. Limeshafika upande wenu, Wendell, mimi siwezi tena kulirudisha."

Hapo hasira ilinitoka, ikabaki huzuni. Ni kweli alivyosema. Kwetu jambo la ukoo mmoja halijawa jambo mpaka wa upande wa pili walisikie. Wao ndio wanaotuzika na sisi ndio tunaowazika, na mwenye kukuzika lazima ajue anazika nini. Alikuwa amenikabidhi kaka yake nimzike upya.

"Sasa panda," akasema. "Kule juu, chini ya mawe, kuna kikombe."

"Nakijua. Cha bati, cheupe, kina ukingo wa buluu. Si cha mgeni aliyekisahau?"

"Ni cha Elwood. Ndicho alichonywea chai siku ile. Nilikikuta ufukweni. Mwaka uliofuata nikakipandisha, angalau kikombe chake kifike. Niletee."

Nilipanda. Ile nusu ya juu ni mbaya kuliko ya chini, na mvua ilikuwa imelowesha kila kitu, na mara mbili nilitambaa kwa magoti. Kileleni upepo ulinipiga kifuani. Nikatazama. Mlango wa kwanza, ule ulioonekana wazi kutoka Begani, unakunja kona nyuma ya mwamba, na kwenye kona ile barafu ilikuwa imeshonana kutoka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa ya buluu na chafu, imepandiana, na maji yote ya ule mlango yalikuwa yanaingia chini yake. Niliketi. Niliwaona wageni wetu chini kabisa, vidoa vyekundu vya majaketi yao ya uokozi vikizunguka moto, na mmoja alikuwa Bi Ottilie ameinama kutazama jani.

Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Niliutazama mara nne, kipande kwa kipande, hadi unapotokea upande wa pili wa kisiwa. Kisha nikaondoa mawe na kuchukua kikombe. Miaka ishirini na tatu nilikuwa nikikiona. Kuna mwaka nilikinywea maji ya mvua.

Delphine alikuwa pale pale nilipomwacha, amelowa chepechepe.

"Umefika juu?" akaniuliza.

Nilimpa kikombe.

Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akapangusa ukingo kwa kidole. Machozi yalimtoka bila sauti, kama mtu anayetokwa na jasho.

"Wa kwanza?"

"Umezibwa. Kwenye kona. Huwezi kuuona ukiwa hapa."

"Hapana," akasema. "Huwezi. Na wa tatu?"

"Uko wazi mpaka mwisho."

"Basi wa tatu."

Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka thelathini na moja yeye kukubali kuambiwa na mtu. Nilimshusha Kilima nikiwa mbele yake, akiweka mkono mmoja begani kwangu, na njiani alinitukana mara moja nilipokanyaga jiwe lililolegea.

Chini alichemsha chai, akaitia sukari vijiko vitano. Akaimimina ndani ya kikombe kile, akachukua kipande cha samaki mkavu, akatia chai na samaki motoni kidogo kidogo, kama tunavyowalisha marehemu wetu.

"Ni kwa ajili ya nani?" Bi Ottilie akauliza kwa sauti ya chini.

"Kaka yangu. Alipenda sukari hadi akang'oka meno mawili," Delphine akasema. Kisha akaongea na moto kwa lugha yetu, maneno machache, na mimi niliondoka nikaenda kukagua kamba, maana hayakuwa yangu.

Asubuhi nilipanda tena kutazama, kisha tukaingia mlango wa tatu. Delphine mbele, mimi nyuma. Tulikuwa katikati, mabega yanawaka, tuliposikia mngurumo kutoka ng'ambo ya kisiwa, mrefu, ukafuatiwa na kishindo. Barafu ya mlango wa kwanza ilikuwa imevunjika na kujigeuza. Baada ya dakika kadhaa wimbi lilitufikia likiwa limechoka, likatuinua na kutushusha. Bwana mmoja kwenye boti yangu alitaka kuuliza, akaniangalia usoni, akaacha. Delphine hakugeuza kichwa. Alikuwa anavuta makasia yake sawasawa, moja mbili, moja mbili, na kikombe kilikuwa kimefungwa kifuani pake kwa kamba ya jaketi.

Mwezi wa kumi na moja karamu ikafika. Ukumbi ulijaa, wao upande ule, sisi upande huu tukitazamana nao, kama inavyotakiwa. Zilipomalizika nyimbo za kuomboleza, kabla Lester hajaanza kuita majina, Delphine alisimama na fimbo yake. Hakuzunguka maneno. Alisema alivyotumwa, alipofika, alipoketi, alivyojibu alipoulizwa. Alimaliza kwa maneno haya: "Kaka yangu aliniamini. Hilo ndilo kosa lake, hana lingine. Miaka yote mmembebesha uvivu ambao ni wangu."

Lester alikuwa amesimama na karatasi ya majina mkononi.

"Mama yetu alikufa akijua nini?" akauliza.

"Akijua mwanawe mvivu."

"Ulikuwa umemshika mkono."

"Nilikuwa nimemshika mkono."

Lester alikaa chini. Alikaa muda mrefu hadi watoto wakaanza kukimbia katikati ya viti, na hakuna mkubwa aliyewakataza. Mwisho akasimama, akaenda kwa Corrine, akamchukua mtoto. Akavuka ukumbi hadi upande wetu, akasimama mbele yangu.

"Kunguru. Ulilisikia hili?"

"Nililisikia, mzee. Kule kule Kilimani."

"Mahali alipokaa ulipaona?"

"Nilipaona. Mtu akiwa pale, mlango unaonekana wazi. Hata mimi nilitaka kushuka."

"Mlishuka?"

"Alinizuia."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akamwinua mtoto juu, akalitaja jina. Ni kazi ya upande wetu kulirudia jina mara nne, ili lishike. Tuliliita. Mara ya tatu na ya nne nilipiga kelele hadi aliyekaa karibu nami akanivuta shati. Mtoto alishtuka akanikodolea macho. Corrine alikuwa amemkumbatia mama yake, au mama yake ndiye aliyemkumbatia, sikuweza kutambua vizuri.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwisha siku ile. Lester hakumsemesha dada yake majira yote ya baridi, na alikuwa na haki yake. Barafu ya mtoni ilipovunjika ndipo alipompelekea gari zima la kuni, akazipanga ukutani mwenyewe, akaondoka bila kuingia ndani. Wiki iliyofuata aliingia. Delphine aliandika pia barua mbili kwa jamaa za wale wageni wawili. Moja ilijibiwa. Hakunionyesha jibu lake, nami sikumuuliza.

Mwezi wa sita huu nilikuwa na waongozaji wapya watatu. Sikuwasimamisha chini ya Kilima. Niliwapandisha hadi Begani, nikawaonyesha jiwe, nikasema: "Hapa ndipo Delphine alipoketi. Alikuwa mpiga makasia bora kuliko ninyi nyote. Aliona mlango uko wazi, akashuka, akasema amefika juu. Watu watatu wakafa." Kisha nikawaambia wapande.

Maneno hayo si yangu. Alinikaririsha yeye jikoni kwake hadi nikayashika. Nilipotaka kuongeza kwamba alikuwa na miaka thelathini tu, na mvua ilikuwa inanyesha, alinichapa na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Mvua haikusema uongo, Wendell."

Elwood simtaji tena pale. Jina lake lina mwenyewe sasa, ameanza kutembea kwa kushika viti, na juzi nikiwa kwao alikiangusha chini kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu kwa mara ya tatu. Bibi yake aliinama na goti lake bovu, akakiokota, akakisuuza mara moja tu, akamjazia tena maziwa.